Mwaka wa Kuzima na Kuwasha

Niseme la aibu kwanza ili nipumue. Niliwahi kukaa kwenye kochi la watu kule Butiama, nimevaa koti la kuazima lenye mabega mapana kuliko yangu, soda mkononi, nikamwangalia mama wa mwanamke niliyempenda akiagiza samaki za wakwe kwenye simu, na katika nyumba ile nzima mimi ndiye peke yangu niliyekuwa najua kwamba anachoagiza huenda siyo anachodhani anaagiza. Nikanyamaza. Nikanywa soda. Jioni yake kamongo mzima, anayepumua, akatambaa sebuleni mbele ya wageni. Hii stori huwa naianzia kwa kamongo kwa sababu kamongo anachekesha, na nimenywaga bia nyingi za bure kwa kuisimulia hivyo. Lakini aibu siyo kamongo. Aibu ni ile soda.

Mama yule tumemzika mwezi uliopita. Nilitoka Bunda asubuhi na pikipiki, nikapita Nyamuswa, nikafika Butiama wakati kwaya wanapanga viti, na mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mwanaume mrefu, mpole, mwenye tai nyeusi, akanishika mkono wangu kwa mikono yake miwili akaniita shemeji. Huyo ndiye mume wa Nyangeta, yule mwanamke niliyempenda. Siku nzima nilikuwa namtafutia kasoro. Alibeba viti, aligawa maji kwa wazee, alimfuta makamasi mtoto ambaye hata siyo wake. Mtu wa hivyo unamchukia kwa kazi. Nyangeta mwenyewe nilimwona kwa mbali, kitenge kichwani, ameketi kwenye mkeka na wanawake, na miaka yote hiyo ikanirudi kwa mkupuo kama maji ya bomba lililokatika wiki nzima, yanaanza na upepo, halafu tope, halafu ndiyo yanatoka.

Mimi nina kibanda pale Kabasa, Bunda. Nafanyia watu maombi ya mtandaoni: vyuo, ajira, vyeti vya kuzaliwa. Watu wananiita mtaalamu. Niliacha shule kidato cha pili, na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu niliisoma nusu, kwa hiyo huwa nawaambia kabisa, mimi kuwasha najua, somo la kuzima sikulifikia. Wanacheka, wanalipa, wanaondoka. Ila kuna kitu kimoja sijawahi kumwambia mteja. Unapojaza fomu, unachagua mkoa, mara wilaya za mkoa huo tu zinajipanga zenyewe hapo chini. Unachagua wilaya, kata nazo zinakuja. Mteja haoni ajabu. Mimi kila zikijipanga moyo unashtuka kidogo, kama mtu aliyesikia jina la zamani limeitwa sokoni.

Mwaka ninaousimulia niliuishi Musoma, mtaa wa Iringo, kwenye chumba cha nyuma ya stationery ya Mama Happy. Chumba kilikuwa na meza moja, viti viwili, kimojawapo kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, na dirisha linalotazama ua ambapo Mama Happy alikuwa anaanikaga kanga na kukaangia chapati. Ukuta wa kutugawa na duka ulikuwa plywood. Kila kitu kilikuwa kinapita: mashine ya fotokopi ikikohoa, wanafunzi wakibishana bei ya kalamu, na Mama Happy akiongea na dada yake wa Tarime kwenye simu kwa sauti ya mtu asiyeamini kwamba simu ina waya au haina waya, anachoamini ni kwamba Tarime ni mbali na lazima apaze sauti. Harufu ya chapati iliingia saa nne. Harufu ya ziwa niliileta mimi.

Nyangeta alikuwa amemaliza diploma ya kompyuta, amerudi Mara na laptop moja na wazo moja. Wazo lilikuwa samaki. Watu wa Butiama, Nyamuswa, Bunda, wanakula samaki kwa kubahatisha: anakuja mchuuzi na baiskeli, anachokuwa nacho ndicho unachokula. Yeye akasema tutatengeneza tovuti, mtu anaagiza asubuhi, mzigo unapandishwa kwenye gari, mchana unakula. Alikuwa anatafuta mtu anayejua samaki, akaelekezwa mwaloni Mwigobero, mitumbwi inakoshusha samaki, akanikuta nimekaa juu ya ndoo nikimwongopea mama mmoja kwamba sato wangu amevuliwa sasa hivi. Nyangeta akamshika yule samaki, akaangalia mashavu yake, akaangalia yangu, akaniambia mimi sato huyo simnunui, ila wewe nakuajiri. Mshahara haukuwepo. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi.

Alivyokuwa anafundisha sijawahi kuona tena. Alikuwa haandiki ubaoni, hana ubao. Alikuwa anachukua chapati. Anakwambia hii chapati ni fomu. Jina, simu, unakaa wapi, unataka samaki gani, kilo ngapi. Anaikata vipande kwa kila swali, halafu kipande cha samaki anakishika juu, anasema hiki ndicho chenye shida, kwa sababu ziwa siyo duka. Asubuhi kuna sangara. Mchana sato. Siku ya upepo unakuta gogogo na ningu tu, au furu ambao hata paka anawafikiria mara mbili. Kwa hiyo yale machaguo hayawezi kuandikwa mara moja yakakaa hapo milele kama amri kumi. Lazima yabadilike kufuatana na kilichopo. Halafu anakula kile kipande. Nilikuwa najifunza huku nina njaa, na mpaka leo nikiona chapati najisikia kama nina mtihani.

Yeye akatengeneza ukurasa wa mwaloni. Rafiki yangu Magesa, aliyekuwa anapokea mitumbwi pale, alikuwa na simu ya kugusa yenye kioo kilichopasuka, na kila samaki wakiingia anaweka tiki, wakiisha anatoa. Hizo tiki zinaingia kwenye database, daftari la tovuti. Kazi iliyobaki ilikuwa ile field, yaani kisanduku cha samaki upande wa mteja, ikasome kwenye database waliopo ndio iwaonyeshe. Nyangeta akasema sehemu hiyo andika wewe, wewe ndiye unajua samaki. Nikaandika. Wiki nzima niliandika mistari ambayo angeandika yeye huku anapiga mswaki. Siku ilipokubali, ukabonyeza na sangara, sato, dagaa wakajipanga pale wenyewe, Nyangeta alipiga meza kwa kiganja, Mama Happy akauliza kupitia plywood kama kuna aliyezimia, na siku hiyo tulikula ugali na sato mzima, mkia kwake kwa sababu ndiko alikopenda, kichwa kwangu. Alimpigia mama yake mbele yangu. Akamwambia, mama, ile ya samaki kaiandika Mafuru mwenyewe. Mafuru ndio mimi. Nilikula kile kichwa mpaka macho.

Kesho yake mchana sato wakaisha mwaloni. Magesa akatoa tiki. Fomu ikaendelea kuonyesha sato. Nikaiangalia, ikaniangalia. Nikaja kugundua baadaye kilichotokea: ule mstari wangu wa kusoma database niliuweka juu kabisa, pale ambapo programu inapasoma mara moja tu, inapoamka. Ikishaamka haina habari tena. Waliokuwepo alfajiri ndio watakaokuwepo mpaka utakapoizima na kuiwasha upya. Database ilikuwa inajua kila kitu. Fomu ndiyo ilikuwa haiulizi. Nikaizima, nikaiwasha, sato wakaondoka. Nikasema sawa, leo nitaiwasha hivi, kesho nitamwuliza Nyangeta.

Sikumwuliza, na sababu yake nayo naijua. Jioni hiyohiyo aliniambia ameitwa kazini Dodoma, ofisi kubwa, ya viyoyozi, wanamtaka mwisho wa mwaka, na baba yake anataka aende. Alikuwa anakunja kanga aliyokuwa anakalia, haniangalii. Akasema, "Nikiona hii kitu yetu inasimama yenyewe, nitawaambia siendi." Sasa ungekuwa wewe ungesemaje? Ungesema ile sehemu aliyoisifia kwa mama yake haifanyi kazi? Mimi nikasema inasimama. Nikasema hivyo kwa kujiamini.

Basi nikageuka kuwa sehemu ya programu. Tovuti yenyewe ilikaa kwenye kompyuta ya kukodi huko mbali, sijui nchi gani, na kuiwasha upya ilibidi uwe kwenye laptop, na laptop iko Iringo, na mimi kutwa niko mwaloni napaki samaki na barafu, na simu yangu ni kitochi, haina hata mchezo wa nyoka. Tukapatana na Magesa. Samaki mpya zikiingia nikiwa nimetoka, ananibipu. Zikiisha, ananibipu. Simu ikitetemeka mfukoni naacha nilichoshika, nakimbia. Nilikuwa nakimbia na gambuti. Nilikuwa nakimbia kutoka kwenye ibada. Siku moja nilitoka kwa kinyozi nimenyolewa upande mmoja, na mpaka narudi kinyozi amefunga kaenda kula, nikashinda na upande mmoja mpaka jioni. Watu wa mtaa walikuwa wanadhani nina tumbo. Mama Happy alikuwa ananiwekeaga chai ya majani ya mpera bila kuulizwa. Nikifika naingia, nafungua laptop, nazima, nawasha, naangalia kama zimejipanga, natoka. Nyangeta alikuwa anashinda mitaani akitafuta wateja, akirudi anakuta fomu safi, anafungua kwenye simu yake, anaona kilichopo ndicho kilichopo, anatikisa kichwa kwa raha. Akaniambia hii field yako ni dynamic kweli, inajibadilisha yenyewe. Nikamwambia asante. Aliyekuwa dynamic ni mimi.

Na naomba nisidanganye kwenye hili: sijawahi kuwa na furaha kama mwaka ule. Nikikumbuka sikumbuki mbio. Nakumbuka ameingia jioni kavua viatu, ameweka miguu kwenye sakafu ya simenti apate ubaridi. Nakumbuka dagaa wa kukaanga kwenye gazeti, anachagua wakubwa ananisogezea, halafu anachukua wakubwa hao hao kwenye upande wangu. Nakumbuka mvua inapiga bati, Mama Happy amefunga duka yuko upande wa pili anaongea na dada yake wa Tarime, anamwambia hapa nyuma kuna vijana wawili wana mradi wa mtandao, huyo msichana ana akili, huyo mvulana ananuka samaki lakini ana bidii, mimi nadhani ataolewa hapa. Tulisikia wote. Plywood ilituletea neno kwa neno. Nyangeta akawa ameinamia laptop, anabonyeza kitu ambacho hakikuhitaji kubonyezwa. Mimi nikasema nadhani mvua inapungua. Ilikuwa inaongezeka. Kama kuna siku ningeirudisha, ningerudisha ile, siyo ya kamongo.

Mwisho wa mwaka wakwe wa kaka yake, watu wa Nyamuswa, walikuwa wanakwenda kutembelea nyumbani Butiama. Nyangeta akasema twende wote. Alisema kama anavyosema leta chumvi, lakini mimi nilielewa, Magesa akaelewa, na koti likaazimwa. Baba yake alikuwa anasubiri jibu la Dodoma. Ile ndiyo ingekuwa siku ya kumwonyesha mradi, na kumwonyesha aliyeko kwenye mradi. Alfajiri kabla hatujaondoka nikaiwasha fomu kama kawaida. Usiku upepo ulikuwa mbaya, mitumbwi mingi haikuingia ziwani, mwaloni palikuwa na kamongo tu. Fomu ikasoma: Kamongo. Chaguo moja, peke yake, kama mtoto aliyewahi shule. Nikajisemea siku ya wakwe nani ataagiza, tutarudi jioni. Nyangeta akaichukua laptop na modemu akaweka kwenye begi lake. Akasema ni za kumwonyesha baba.

Nyumba ya kwao ilikuwa na sebule ndefu, makochi yamevishwa vitambaa vyeupe vya kufuma, na kwenye ukuta picha za kipaimara za kila mtoto kwa mpangilio, Nyangeta wa tatu, amekasirika. Nje wanawake walikuwa wanasonga ugali wa mtama kwenye sufuria ambalo ungeweza kuogea. Maziwa mgando yalikuwa kwenye vibuyu. Mbuzi alishachinjwa. Mama yake akanikaribisha, akaniita mwanangu, akaniketisha, akanipa soda, akakaa karibu yangu na simu mpya aliyonunuliwa na wanawe. Akaniambia kuna kitu kawaandalia wakwe ambacho hata Nyangeta hajui. Leo watakula samaki za ziwani zilizoagizwa kwa simu, waone binti wa nyumba hii anafanya nini mjini. Ukoo wa wakwe ni wafugaji, samaki kwao ni heshima ya wageni, sato hasa. Akafungua tovuti yetu. Na wakati huohuo kitochi changu kikatetemeka kwenye koti.

Bipu. Maana yake nilikuwa naijua. Upepo umetulia, mitumbwi imeingia, sato wapo, kimbia. Kikatetemeka tena. Mama akawa anajaza jina lake kwa kidole kimoja, herufi moja moja, anasoma kwa sauti. Kikatetemeka. Na laptop ilikuwepo. Hapo ndipo panaponiuma. Siyo kwamba ilikuwa Musoma. Ilikuwa chumba cha pili, kwenye begi, na Nyangeta alikuwa jikoni, hatua chache, namsikia anacheka na shangazi yake. Nilitakiwa kusimama niseme, Nyangeta, naomba laptop. Basi. Ila angeuliza ya nini. Ningesema ya kuwasha. Angeuliza kwa nini iwashwe. Mama akafika kwenye samaki, miwani kaiacha chumbani, akaona kuna neno limeshajiweka pale, akasema haya, hii imeshajichagua, akabonyeza. Akanitazama kwa furaha nimsifie. Nikamwambia mama uko vizuri. Nikanywa soda.

Mchana ukaisha, wakwe wakafika, wakaimba mlangoni, wakaketishwa. Baba akaomba, akashukuru, akasema ndani ya nyumba hii teknolojia imefika. Bodaboda akaingia na deli la barafu. Mama akasema lifunguliwe hapahapa sebuleni watu waone ubichi. Sasa, kwa ambaye hajaishi na kamongo: ni samaki mrefu kama nyoka aliyenenepa, ana mapafu, akitolewa majini anapumua zake tu, barafu anaiona kama shuka. Na kwa ukoo ule kamongo ni mwiko, wanawake hawamli, hawamshiki, wengine hata jina lake hawalitaji. Magesa alikuwa ameshangaa kidogo kuona oda ya kamongo kwenda Butiama, akasema mteja ana lake, akapaki wakubwa wawili. Kifuniko kikafunguliwa. Wa juu akainua kichwa akatutazama sote, akajisukuma, akaanguka kwenye zulia, akaanza safari kuelekea kwa mama mkwe wa kaka.

Sitasimulia yote. Viti vilipandwa. Kanga zilibaki bila wenyewe. Shangazi alipita dirishani, na dirisha lile lilikuwa na nondo, mpaka leo hakuna anayejua alipitaje. Kamongo alipofika katikati ya sebule kila mtu alikuwa juu ya kitu, isipokuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye mtu wa samaki. Nikamshika kwa mikono miwili, koti la watu likajaa ute, nikatoka naye nje nimemkumbatia kama mtoto wa ubatizo. Nyuma yangu nikasikia mama anacheka. Alianza yeye, taratibu, halafu mama mkwe, halafu nyumba nzima. Akasema hiyo mashine yenu mwanangu ingeuliza kwanza ukoo. Nyumba ile ilinisamehe kabla sijafika uani.

Nyangeta alinikuta nyuma ya jiko nimeshika kamongo, sijui pa kumweka. Hakucheka, hakukasirika. Akauliza, "Mara ya mwisho umeiwasha saa ngapi?"

Nikasema alfajiri. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeambiwa alichokuwa anakijua. Tukakaa kwenye gogo la kukatia kuni, akaenda kuleta laptop, akaifungua magotini, akaenda kwenye ule mstari wangu wa juu. Akaukata. Akaushusha, akaubandika ndani, kwenye sehemu inayosomwa kila mara mtu anapoifungua fomu. Kila anapofungua, fomu inakwenda kuuliza: leo kuna nini? Basi. Haikuchukua hata muda wa chai kupoa. Akaifungua kwenye simu yake: sato, sangara, kamongo. Magesa kule mwaloni akatoa tiki, na bila mtu yeyote kukimbia, kamongo akaondoka kwenye orodha. Yule niliyemshika alibaki.

Wiki iliyofuata alikwenda Dodoma. Alikuwa amesema ikisimama yenyewe hatakwenda, na sasa ilisimama, na akaenda. Sikumwuliza kwa nini. Nilimbebea begi mpaka gari, nikafanya utani kuhusu viyoyozi, akacheka, nikafanya mwingine, hakucheka. Aliniachia tovuti. Ilikwenda miaka kadhaa bila kunihitaji, ikaja kufa wakati watu walipoanza kuagizana samaki kwenye magrupu ya simu. Chumba cha Iringo niliendelea kukilipia muda mrefu kuliko akili inavyoruhusu. Nilikuwa nakwenda, nakaa kwenye kiti cha mpira wa baiskeli, nasikiliza fotokopi. Mama Happy alikuwa bado anapitisha ile chai ya majani ya mpera. Nilikuwa nakunywa. Tumbo langu halikuwahi kuwa na shida.

Basi mwezi uliopita, baada ya mazishi, watu wamekula, kwaya imeondoka, Nyangeta akanifuata pale pale nyuma ya jiko. Gogo la kuni halipo, wameweka matofali. Tukakaa. Akaniuliza habari za Bunda, nikamjibu kwa utani, akaniuliza tena, nikamjibu sawasawa. Tukamkumbuka mama yake na kamongo, akacheka mpaka akajifuta machozi, halafu machozi yakawa ya upande ule mwingine, akajifuta hayo pia. Nikaona hii ndiyo siku. Nikamwambia Nyangeta, mwaka ule wote nilikuwa naiwasha mimi. Nilikuwa nakimbia.

Akasema, "Nilijua."

Nikadhani ananifariji. Akasema alijua tangu mwanzo mwanzo. Alikuwa anarudi jioni anakuta magamba ya sato kwenye keyboard, katikati ya herufi, na kitufe kimoja kinanata. Alikuwa anayatoa kwa kipini cha nywele kabla sijaja. Mwaka mzima. Nikamwuliza sasa kwa nini hukusema. Akaangalia mikono yake.

"Laptop nilibebea nini Butiama, Mafuru? Baba alikuwa na simu, angeiona kwenye simu. Nilisema huyu leo ataniomba. Akiniomba laptop tu, nimeshapata jibu la Dodoma: siendi."

Mumewe akaja kumwita, kuna wazee wanaaga. Akanisalimia tena shemeji. Nyangeta akasimama, akakung'uta kitenge, akanigusa bega kidogo, akaenda.

Magesa alikuwa amekuja kuzika naye, akasema atalala kwangu Bunda. Nilimpakia. Tulisimama Nyamuswa, mgahawa wa barabarani, tukaagiza chai na chapati, na mimi chapati ikanikalia mbele sikuigusa. Nikamsimulia yote: magamba, kipini, laptop. Magesa siku hizi ana mvi na mashine mbili za kusaga, lakini ni yeye yule, anasikiliza huku anatafuna. Aliniambia siku ile alibipu mpaka simu ikazima chaji. Ng'ombe wakapita barabarani, akawasubiri wapite wote kama vile na wao walikuwa kwenye mazungumzo. Halafu akaisogeza ile chapati yangu upande wake, akakata kipande, akasema:

"Mbio ulikuwa nazo, ndugu yangu. Ila ulikuwa unakimbilia laptop."